Namna ya Kuomba Ruzuku ya Serikali kwa Kazi za Sanaa, Urithi na Jamii

Kikundi cha ngoma, jumuiya inayotunza jengo la kale na chama cha wenyeji kinachoandaa tamasha la kila mwaka hufikia wakati ambapo michango ya wanachama haitoshi tena. Fedha za umma kwa ajili ya kazi hizo zipo katika nchi nyingi, na hutangazwa waziwazi, lakini maombi mengi hukataliwa hata pale ambapo kazi yenyewe ni nzuri. Sababu kubwa ni kwamba waombaji hueleza shida ya kikundi, ilhali mfuko uliwekwa kwa ajili ya manufaa ya umma. Serikali haitoi ruzuku kwa kuwa kikundi kimepungukiwa. Hutoa kwa kuwa kuna lengo ambalo sheria au sera imeiagiza ilitimize, na kikundi kimeonyesha kwamba kinaweza kulitimiza. Anayeshika jambo hilo tangu mwanzo ataona kwamba masharti ambayo yanaonekana kuwa usumbufu yana maana yake.

Hatua ya kwanza: Tambua fedha zinapita katika mlango upi

Fedha za serikali kwa ajili ya utamaduni hazitoki katika chombo kimoja. Baadhi hutolewa moja kwa moja na wizara, na baadhi hutolewa na mabaraza yaliyoundwa kwa sheria ili ugawaji usitegemee matakwa ya waziri aliyeko madarakani. Kanada ina aina zote mbili. Baraza lake la sanaa, Canada Council for the Arts, liliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1957, na maombi yanayopelekwa huko hupimwa zaidi kwa ubora wa sanaa yenyewe, mara nyingi na jopo la wasanii wenzao. Wizara inayosimamia urithi wa nchi hiyo nayo huendesha mpango uitwao Building Communities Through Arts and Heritage, ambao unahusu matamasha ya wenyeji, maadhimisho ya matukio ya kihistoria ya mahali na ujenzi wa kumbukumbu za kudumu. Katika mpango huo wa pili, swali kubwa ni kiasi gani wakazi wenyewe wanashiriki. Andiko zuri likipelekwa katika mlango usio wake litashindwa, na hakuna ufundi wa lugha utakaoliokoa.

Vivyo hivyo Uingereza imetenganisha sanaa na urithi. Arts Council England hushughulikia uundaji na uwasilishaji wa kazi za sanaa, ilhali National Lottery Heritage Fund, iliyoanza mwaka 1994 kwa jina jingine, hushughulikia majengo, mandhari, nyaraka, kumbukumbu za mdomo na mila. Kikundi kinachotaka kurekodi simulizi za wazee na kisha kuzitungia mchezo wa jukwaani kina miradi miwili ndani ya mmoja, na ni lazima kiamue upi ndio uti wa mgongo kabla ya kufungua fomu yoyote.

Angalia pia ngazi ya serikali. Nchini Marekani, mfuko wa taifa wa sanaa, National Endowment for the Arts, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1965, hupeleka asilimia 40 ya fedha zake za ruzuku kwa mashirika ya sanaa ya majimbo na kanda. Maana yake ni kwamba kikundi kidogo kinachohangaika na fomu za taifa huenda kikazipata fedha hizohizo kwa masharti mepesi zaidi karibu na kilipo. Ushauri wangu ni kuanza na serikali ya mtaa, kwa sababu mbili: ushindani ni mdogo, na barua ya serikali ya mtaa ya kuunga mkono mradi huhitajika mara nyingi unapopanda ngazi ya juu.

Jambo la mwisho katika hatua hii ni kutofautisha ruzuku na mkopo. Nchini Tanzania, kwa mfano, sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya vikundi, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Fedha hizo ni mikopo isiyo na riba. Kikundi cha sanaa chenye kipato, kama kile kinachoshona mavazi ya maonyesho na kuyauza, kinaweza kunufaika nazo. Kikundi kinachofundisha watoto bure kitaingia katika deni kisichoweza kulilipa, na kitafanya busara kutafuta ruzuku mahali pengine.

Hatua ya pili: Soma vigezo neno kwa neno

Ukishaupata mpango unaofaa, usianze kuandika. Chapisha mwongozo wa waombaji, au uufungue pembeni, na uweke alama katika kila sentensi yenye maneno kama "lazima", "hairuhusiwi" na "isipokuwa". Kigezo kimoja kisichotimizwa hutosha kuliondoa andiko kabla halijasomwa na mpembuzi yeyote, yaani mtu aliyepewa kazi ya kupima maombi.

Mpango wa Kanada nilioutaja unatoa mfano bora wa namna kigezo kinavyoweza kuwa finyu. Sehemu yake ya maadhimisho hufadhili kumbukumbu za mtu au tukio la mahali lililotimiza miaka 100 au zaidi, lakini kwa vipindi vya miaka 25 tu: 100, 125, 150 na kuendelea. Mji unaotaka kuadhimisha miaka 110 haustahili, hata kama wakazi wote watajitokeza. Tena, mpango huo huhitaji mchango wa fedha au wa vitu kutoka kwa serikali ya mtaa, kwa hiyo kikundi ambacho hakijawahi kuzungumza na madiwani wake kitakuwa kimechelewa siku fomu inapofunguliwa. Katika Umoja wa Ulaya, miradi midogo ya ushirikiano chini ya mpango wa Creative Europe wa mwaka 2021 hadi 2027 huhitaji angalau taasisi tatu kutoka nchi tatu tofauti. Ubia wa namna hiyo haujengwi kwa barua pepe za wiki ya mwisho.

Sharti moja linaonekana karibu kila mahali na huwaumiza waombaji wengi: mfuko haulipii kazi iliyokwisha kuanza au gharama zilizokwisha kulipwa kabla ya uamuzi. Kwa hiyo panga tarehe ya kuanza mradi kwa kuhesabu kuanzia siku ya majibu, si kuanzia siku ya kutuma maombi, na uache nafasi kwa ajili ya kusaini mkataba na kupokea awamu ya kwanza ya fedha.

Hatua ya tatu: Kiweke kikundi katika hali ya kuaminika kisheria

Mfuko wa umma hauwezi kumkabidhi mtu fedha kwa sababu tu anajulikana mtaani. Unahitaji chombo chenye jina, katiba, viongozi waliochaguliwa na akaunti ya benki inayosomeka kwa jina la kikundi, na ambayo malipo yake yanahitaji saini ya zaidi ya mtu mmoja. Hakikisha jina lililo katika cheti cha usajili, katika akaunti na katika fomu ni lilelile, herufi kwa herufi, kwa sababu mifumo ya kielektroniki hulinganisha majina bila huruma. Muhtasari wa kikao ambamo wanachama waliridhia kuomba ruzuku hiyo ni karatasi ndogo, lakini mara kadhaa ndiyo inayoonyesha kwamba mradi ni wa kikundi na si wa mwenyekiti peke yake.

Usajili huchukua muda. Waombaji wa fedha za shirikisho nchini Marekani hutakiwa kujiandikisha kwanza katika mfumo wa SAM.gov, ambao ni wa bure lakini unaweza kuchukua wiki kadhaa, na asiyejua hilo hukwama akiwa na andiko lililokamilika mkononi. Pale ambapo kikundi hakijasajiliwa na muda ni mfupi, mifuko mingi huruhusu taasisi nyingine iliyosajiliwa, kama makumbusho, chuo au asasi kubwa, kupokea fedha kwa niaba yake. Mpango huo ni halali na unafaa, ila uandikiwe makubaliano: nani anashika fedha, nani anaidhinisha matumizi, taasisi mwenyeji inakata kiasi gani kwa ajili ya uendeshaji, na nani anawajibika ripoti ikichelewa.

Hatua ya nne: Pata ridhaa na vibali kabla ya kuomba

Hii ndiyo hatua ambayo kazi za urithi hutofautiana na miradi mingine yote, na inastahili kupewa muda mrefu kuliko inavyopewa kwa kawaida. Urithi una wenyewe. Ngoma ya jando, nyimbo za maziko, dawa za asili au eneo la matambiko huenda visiwe mali ya kikundi kinachoomba fedha, hata kama wanachama wake wamezaliwa humo. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 kuhusu kuulinda urithi wa utamaduni usioshikika, ambao zaidi ya nchi 180 zimeuridhia, unazitaka nchi ziwashirikishe wenye urithi kadiri iwezekanavyo, na fomu zake za kuorodhesha urithi hudai ushahidi wa ridhaa iliyotolewa kwa hiari, mapema na kwa ufahamu kamili. Mifuko ya kitaifa mingi imefuata mkondo huohuo.

Ridhaa nzuri hueleza mambo yanayoshikika. Isiseme tu kwamba "wazee wamekubali mradi". Iseme ni nyimbo zipi zitarekodiwa na zipi hazitarekodiwa, nani atatunza rekodi, kama zitawekwa kwenye intaneti, kama wanawake watawajibika kuimba mbele ya wanaume nyimbo ambazo kwa mila haziimbwi hivyo, na kama mtoa simulizi anaweza kuitoa simulizi yake baadaye. Isomwe kwa lugha wanayoielewa watoaji, na asiyejua kuandika aweke alama yake mbele ya shahidi, au ridhaa yake irekodiwe kwa sauti. Huko si kujaza makaratasi tu. Kikundi kinachorekodi kisichoruhusiwa kinaharibu imani ambayo vizazi vilivyotangulia vilichukua muda mrefu kuijenga.

Kwa majengo na maeneo, ridhaa haitoshi, panahitajika kibali. Afrika Kusini, Sheria ya Rasilimali za Urithi wa Taifa ya mwaka 1999 inakataza kubadili au kubomoa sehemu ya jengo lenye umri wa zaidi ya miaka 60 bila kibali cha mamlaka ya urithi. Uingereza, kufanya mabadiliko yanayogusa hadhi ya jengo lililoorodheshwa bila kibali ni kosa la jinai. Kikundi kinachoomba fedha za kupaka chokaa, kuziba nyufa au kubadili paa kinapaswa kuambatanisha kibali, au angalau barua inayoonyesha kwamba mamlaka imeanza kulishughulikia ombi, pamoja na umiliki au mkataba wa pango wenye muda wa kutosha. Mfuko hautatengeneza jengo ambalo mwenye nyumba anaweza kulifunga mwaka unaofuata.

Hatua ya tano: Andika mradi kwa ushahidi

Sasa ndipo kalamu ishikwe. Wapembuzi husoma maandiko mengi kwa muda mfupi, na wote hukutana na sentensi zilezile: utamaduni wetu unapotea, vijana wameacha mila, tunaomba mtusaidie. Sentensi hizo huenda zikawa za kweli, lakini hazimwonyeshi msomaji kitu.

Tazama namna hali ya bigwala ilivyoelezwa. Ni muziki na ngoma ya Wasoga wa Uganda, unaopigwa kwa baragumu za vibuyu, tano au zaidi, kila moja ikitoa sauti moja tu, kiasi kwamba wapigaji hupokezana ili wimbo ukamilike. Hupigwa katika kutawazwa na katika maziko ya kifalme. Mwaka 2012 uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Maelezo yaliyouingiza yalisema kwamba walibaki mabingwa wazee wanne tu wenye ujuzi wa kutengeneza vyombo hivyo, kuvipiga na kucheza. Idadi hiyo ndogo ina nguvu kuliko kurasa za malalamiko, kwa sababu anayesoma anaelewa mara moja kwamba wimbo unaohitaji baragumu tano hauwezi kukamilishwa na watu wanne.

Fanya hivyo katika andiko lako. Hesabu wenye ujuzi na umri wao kwa makadirio, eleza chombo kimetengenezwa kwa nini na malighafi yake inapatikana wapi, taja mara ya mwisho shughuli hiyo ilipofanyika na waliohudhuria. Kisha geuza lengo lako kutoka katika matamanio hadi kazi inayoweza kukaguliwa. Badala ya kuandika "mradi utawajengea vijana uwezo katika sanaa ya asili", andika kwamba vijana 20, nusu yao wasichana, watajifunza kwa miezi sita kwa mabingwa wawili kutengeneza na kupiga ngoma nne, na mwishoni watafanya maonyesho matatu ya bure katika shule za jirani. Mpembuzi anaweza kuhesabu hayo, na wewe mwenyewe utajua mwishoni kama umefaulu.

Usiahidi kupita uwezo. Kikundi cha watu 12 kinachoahidi kufikia watu 50,000 kinajiharibia sifa, na kikipata fedha kitalazimika kueleza ahadi hiyo katika ripoti. Vilevile onyesha manufaa kwa wasio wanachama: nani ataingia bila kiingilio, mtu anayetumia kiti cha magurudumu atafikaje ukumbini, kiziwi atafuatiliaje mchezo. Fedha ni za watu wote, na swali la nani anaachwa nje huulizwa karibu kila mara.

Hatua ya sita: Tengeneza bajeti inayosomeka

Bajeti husomwa na watu wasiosoma kitu kingine chochote katika andiko lako, kwa hiyo ni lazima ijisimamie. Kila kifungu kionyeshe kipimo, idadi na bei. "Usafiri: 3,000" hakisemi kitu. "Usafiri wa wakufunzi 2, safari 30 kila mmoja, 50 kwa safari: 3,000" kinaonyesha kwamba umefikiri, na hata bei ikibadilika, mfuko utajua namna ya kurekebisha. Ambatanisha makadirio ya bei ya wauzaji kwa vitu vikubwa, na kwa ujenzi wa urithi tenga akiba ya dharura, kwa maana ukuta wa kale hufichua maradhi yake pale tu plasta inapobanduliwa.

Mifuko mingi hailipi gharama yote. Ruzuku za miradi za National Endowment for the Arts huhitaji mwombaji achangie angalau kiasi sawa na kinachoombwa, na Arts Council England, katika ruzuku zake za miradi, kwa kawaida hutaka angalau asilimia 10 itoke kwingine. Vikundi vidogo hukata tamaa hapa bila sababu, kwa kuwa mchango si lazima uwe fedha taslimu. Chukua mradi wa gharama ya 20,000 ambao mfuko unalipa nusu. Ukumbi unaotolewa bure kwa miezi sita, ambao kwa bei ya kawaida ungekodiwa kwa 3,000. Kazi ya kujitolea ya fundi seremala na mhasibu yenye thamani ya 4,000. Vyakula na vifaa kutoka kwa wafadhili wa mtaa vya 1,000. Na michango ya wanachama ya 2,000: hizo ni 10,000 zilizotimia. Kinachotakiwa ni barua kutoka kwa kila mtoaji na daftari la saa za kujitolea lenye tarehe, kazi na saini, likijazwa siku ileile. Daftari lililojazwa mwezi mmoja baadaye kwa kukumbuka halina thamani mbele ya mkaguzi. Soma pia kama mfuko wenyewe unakubali michango ya namna hiyo na kwa kiwango gani, maana baadhi huiwekea ukomo.

Walipe wasanii, na uwaandike katika bajeti kwa viwango vya haki. Andiko linalolipa kila mtu isipokuwa mchezaji na mzee mwenye ujuzi linaonyesha kwamba kikundi chenyewe hakiithamini kazi kinayodai kuilinda.

Hatua ya saba: Tuma mapema

Tuma siku tatu kabla ya mwisho. Mifumo huelemewa saa za mwisho, na viambatanisho vizito hukataa kupanda. Mtu ambaye hakushiriki kuandika asome andiko lote na aseme kwa maneno yake mradi unafanya nini, asipoweza, rekebisha. Hifadhi nakala ya kila ulichotuma pamoja na namba ya kupokelewa.

Hatua ya nane: Baada ya majibu

Ukikataliwa, omba maoni ya wapembuzi kwa maandishi, bila kulalamika, na uulize jambo moja mahususi: ni kigezo kipi kilipata alama ndogo zaidi. Mifuko mingi huruhusu kuomba tena, na andiko lililorekebishwa kwa kufuata maoni hayo huwa na nafasi nzuri zaidi kuliko jipya lililoandikwa kwa hasira.

Ukikubaliwa, soma mkataba wa ruzuku kabla ya kusherehekea, hasa vifungu vya awamu za malipo, matumizi ya nembo ya mfadhili na kurejesha fedha. Fungua faili moja lenye sehemu ya kila kifungu cha bajeti, na kila risiti iingie humo pamoja na hati ya malipo iliyoidhinishwa. Kama fundi au mwalimu hana risiti, mwandikie stakabadhi yenye jina, kazi, tarehe, kiasi na saini yake. Ikitokea haja ya kuhamisha fedha kutoka kifungu kimoja hadi kingine, au mkufunzi akaugua na ratiba ikasogea, mwandikie ofisa wa mfuko kabla ya kubadili chochote. Maofisa hao huzoea mabadiliko. Wasichoweza kukivumilia ni kuyakuta katika ripoti ya mwisho.

Ripoti hiyo ieleze yaliyoahidiwa, yaliyofanyika na tofauti iliyopo kati yake, ikiwa na orodha za mahudhurio, picha zilizopigwa kwa ridhaa na maneno ya washiriki wenyewe. Salio lirudishwe kama mkataba unavyotaka. Nyaraka zisitupwe mara ripoti inapopokelewa: kwa ruzuku za shirikisho nchini Marekani, kanuni hutaka zitunzwe miaka mitatu baada ya ripoti ya mwisho ya fedha, na mifuko mingine huweka muda mrefu zaidi. Zikabidhiwe kwa ofisi ya kikundi, si kwa mweka hazina binafsi, ili uongozi ukibadilika, mkaguzi anayekuja azikute mahali pake.